Kabla ya Kuirekebisha Swingi, Soma Mpira

Jumamosi moja asubuhi, katika uwanja wa mazoezi ya gofu hapa Nakuru, nilimtazama mwalimu mmoja wa shule ya msingi akipiga mipira huku watu watatu wakimshauri kwa zamu. Wa kwanza, mchezaji mwenzake, alimwambia asiinue kichwa. Wa pili, kedi aliyekuwa akimbebea begi, alimwambia akaze mkono wa kushoto usipinde hata kidogo. Wa tatu alitoa simu na kumwonyesha video ya kocha wa Marekani aliyesisitiza kwamba kila kitu huanzia kwenye nyonga na kwamba mikono haina kazi. Mipira iliendelea kupinda kulia, mmoja baada ya mwingine, ikaishia kwenye miti. Mwalimu yule alipoketi kupumzika aliniuliza swali ambalo nimeulizwa na wengi: "Mzee, hawa wote hawawezi kuwa wakweli kwa pamoja. Nimsikilize nani?"

Nilimjibu kwamba asimsikilize yeyote kwanza, kwa kuwa hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameutazama mpira. Wote walikuwa wakiutazama mwili wake. Mkanganyiko huu huongezeka kila mara Mashindano ya Wazi ya Kenya, yaliyoanza mwaka 1967, yanapoonyeshwa kwenye runinga, kwani watu huwaona wachezaji bora wakipiga kwa mitindo isiyofanana, kisha hufungua simu zao na kukutana na makocha wanaopingana waziwazi. Ningependa kulifungua fundo hili polepole, nikianza na maneno yenyewe.

Swingi, kama makedi na wachezaji wetu wanavyoiita, ni mwendo mzima wa fimbo: inapoondoka nyuma ya mpira, inapofika juu ya bega, inaposhuka, inapougusa mpira na inapomalizia upande wa pili. Kichwa cha fimbo ni lile pande lililo mwishoni mwa mpini. Uso wa fimbo ni ule ubapa unaougonga mpira. Njia ya fimbo ni mwelekeo ambao kichwa cha fimbo kinapita wakati kinapougusa mpira. Uso na njia ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya ndiko chanzo cha sehemu kubwa ya ushauri mbaya unaotolewa viwanjani. Mfikirie fundi anayesafirisha mlango kwa mkokoteni: mkokoteni unaelekea mjini, lakini mlango uliolazwa juu yake unaweza kuwa umetazama upande wowote. Mkokoteni ni njia, mlango ni uso. Katika maelezo yanayofuata nitamzungumzia anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ageuze pande.

Mguso wenyewe, yaani muda ambao uso wa fimbo na mpira vimeshikana, hudumu takriban nusu ya elfu moja ya sekunde. Kabla mikono haijapata kuhisi chochote, mpira umeshaondoka. Katika muda huo mfupi mpira hauambiwi kama kichwa chako kilikuwa chini, kama kiwiko kilipinda, wala kama ulivaa viatu vya bei ghali. Unaambiwa mambo matano tu: uso ulikuwa unatazama wapi, fimbo ilikuwa inapita kuelekea wapi, ilikuwa ikishuka au ikipanda, ilikuwa na kasi gani, na ni sehemu gani ya uso iliyougonga. Mengine yote ambayo kocha anaweza kukuambia kuhusu magoti, mabega na nyonga yana maana kwa kadiri yanavyobadilisha mojawapo ya mambo hayo matano. Na tofauti zinazohusika ni ndogo mno. Uso ukikosea lengo kwa digrii moja tu, mpira unaokwenda mita 200, hata ukienda bila kupinda, utatua mita tatu na nusu pembeni.

Kwa miongo mingi walimu wengi wa gofu walifundisha kwamba mpira huanza safari kuelekea upande ambao fimbo inapita, kisha hupinda kuelekea upande ambao uso unatazama. Wanafizikia walikuwa wameonyesha kwamba sivyo, lakini ni rada za kufuatilia mpira, zilizoenea katika miaka ya 2000, zilizowashawishi makocha wa kawaida. Ukweli ni kwamba mpira huanza safari karibu kabisa na upande ambao uso unatazama wakati wa mguso. Kwa draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, uso huamua takriban asilimia 85 ya mwelekeo wa mwanzo. Kwa fimbo za chuma ni karibu robo tatu. Kisha mpira hupinda ukiikimbia njia ya fimbo: njia ikiwa kushoto kwa uso, mpira hupinda kulia, njia ikiwa kulia kwa uso, mpira hupinda kushoto.

Kwa nini hupinda? Wengi hudhani mpira una mzunguko wa pembeni na mzunguko wa kurudi nyuma, viwili kwa pamoja. Hapana, mpira una mzunguko mmoja tu, ule wa kurudi nyuma, ambao pamoja na vishimo vya juu ya mpira ndio unaouwezesha kukaa hewani. Kinachobadilika ni mlalo wa mzunguko huo. Mwendeshaji wa bodaboda anayekata kona hailazi pikipiki kwa nguvu. Anaiinamisha kidogo tu, nayo inafuata upande ilikoinamia. Mpira wa gofu nao ni vivyo hivyo: uso na njia visipokubaliana, mzunguko wake hulala upande, nao mpira hufuata mlalo huo.

Sasa turudi kwa mwalimu wetu. Nilimwomba apige mipira mitano zaidi kwa draiva, nami nikasimama nyuma yake na kutazama jambo moja tu: mpira unaanzia wapi kabla ya kupinda. Yote mitano ilianzia kushoto kwa lengo, kisha ikapinda kulia kwa kasi. Jambo hili peke yake lilitosha kuuondoa ushauri mwingi aliokuwa amepewa. Watu walikuwa wakimwambia kwamba uso wa fimbo yake umefunguka, yaani unatazama kulia, hivyo aufunge. Lakini kama mpira unaanzia kushoto, basi uso tayari unatazama kushoto kwa lengo. Akiufunga zaidi, mpira utaanzia kushoto zaidi. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa kulinganishwa na njia, na njia ndiyo iliyokuwa imeelekea kushoto kupita kiasi, kama mtu anayekata nyasi kutoka nje akijivutia mwilini.

Nilimuuliza analenga wapi. Akaniambia kwamba kwa miezi kadhaa amekuwa akisimama akiwa ameelekea kushoto ili kuikwepa ile miti. Miguu na mabega yakielekea kushoto, fimbo nayo hupita kushoto. Uso unabaki nyuma kwa sababu moyoni anajua shimo liko kulia kwake. Tofauti kati ya uso na njia inakua, na mpira unapinda zaidi. Miti aliyoikimbia ndiyo aliyokuwa akiikimbilia. Ningependa kila anayeanza gofu alielewe jambo hili kabla ya jingine lolote, kwa kuwa nimewaona watu wazima, wenye nia njema na bidii, wakiuacha mchezo kwa sababu kila walipojitahidi kusahihisha kosa walilizidisha.

Kulikuwa na jambo la pili. Nilitoa kopo la poda ya watoto kwenye begi langu, nikapaka poda kiasi juu ya uso wa draiva yake, nikamwambia apige. Alipoirudisha fimbo, kulikuwa na duara dogo lisilo na poda, lenye alama za vile vishimo vya mpira, karibu na kisigino cha fimbo, yaani upande ulio karibu na mpini. Tukafuta, tukapaka tena, akapiga tena. Duara likawa palepale. Kwa draiva, mpira unaogongwa upande wa kisigino hukipindua kichwa cha fimbo kidogo, na upinduko huo huulaza mzunguko wa mpira kuelekea kulia. Kwa hiyo mpindo wa mpira aliokuwa akiuona haukutokana na uso na njia peke yake; sehemu yake ilitokana na mahali alipougonga mpira. Kocha asiyejua hili anaweza kukubadilisha mshiko, msimamo na mgeuko wa mabega kwa mwezi mzima bila kulifikia tatizo lenyewe.

Dawa ilikuwa nyepesi kuliko alivyotarajia. Nilimsimamisha upya, miguu na mabega vikiwa sambamba na mstari wa lengo, kisha nikaweka kifuniko cha draiva chini, upande wa nje wa mpira, sentimita chache kutoka kwenye ncha ya fimbo. Fimbo ikishuka kutoka nje, itakigonga kifuniko kabla ya mpira. Mara nne za kwanza alikigonga, na kila mara kiliruka mbele kama kuku aliyefukuzwa. Mara ya tano alipita bila kukigusa. Mpira ulianzia karibu na lengo, ukapinda kulia kidogo tu, ukatua kwenye nyasi fupi. Sikusema neno lolote kuhusu kiwiko chake.

Ushauri unaozunguka viwanjani

Hakuna ushauri unaotolewa mara nyingi kuliko ule wa kuweka kichwa chini. Mtu akiugonga mpira juu, ukabingirika mita ishirini, kila aliye karibu humwambia kwamba ameinua kichwa. Mimi mwenyewe niliaminishwa hivyo nilipoanza, na kwa mwaka mzima nilikibana kidevu kifuani hadi shingo ikaanza kuniuma na mabega yakashindwa kugeuka. Ukweli ni kwamba kichwa huinuka kwa sababu kifua kimeinuka, na kifua huinuka kwa sababu mchezaji anajaribu kuusaidia mpira kupanda. Annika Sörenstam wa Uswidi, aliyeshinda mashindano makuu 10 na kumaliza raundi ya mashimo 18 kwa mapigo 59 tu mwaka 2001 (katika gofu mapigo machache ndiyo bora), alikuwa akikigeuza kichwa kuelekea lengo hata wakati wa mguso wenyewe. Kama kuinua macho kungekuwa ndilo kosa, asingeweza kuupiga mpira hata mmoja sawasawa.

Hili la kuusaidia mpira kupanda ni kubwa kwa wachezaji wetu, na linahitaji kuelezwa vizuri. Fimbo za chuma hupewa namba, na namba ikiwa ndogo mpira huenda mbali zaidi. Uso wa fimbo namba saba umelazwa nyuma kwa takriban digrii 30. Mlalo huo ndio unaoupandisha mpira. Mchezaji hahitaji kuuchota. Kwa fimbo za chuma, mpira ukiwa chini kwenye nyasi, kichwa cha fimbo kinapaswa kuwa bado kinashuka kinapougusa, na sehemu ya chini kabisa ya mwendo wa fimbo iwe sentimita chache mbele ya mpira. Ndiyo maana kovu la nyasi linaloachwa na mchezaji mzuri huanzia pale mpira ulipokuwa na kuendelea mbele, wakati la anayeanza huwa nyuma ya mpira au halipo kabisa. Katika viwanja vya nyanda za juu vyenye nyasi za kikuyu, kama vingi vya upande huu wetu, anayechota huadhibiwa mara mbili, kwa sababu nyasi hizo ni nene na hukikamata kichwa cha fimbo kinachofika chini mapema. Kwa draiva mambo ni kinyume: mpira uko juu ya kijiti, na kuugonga fimbo ikipanda kidogo kunasaidia umbali.

Zoezi la kulitibu hili halina gharama. Chora mstari wa chokaa juu ya nyasi, simama mstari ukiwa katikati ya miguu, kisha piga bila mpira huku ukijaribu kuifanya fimbo iguse ardhi mbele ya mstari tu. Rudia hadi makovu kumi mfululizo yawe upande sahihi. Anayeweza kufanya hivyo bila mpira, kisha akashindwa mpira unapowekwa, ajue kwamba mwili wake unaweza na kwamba kinachomtatiza ni hamu ya kuuinua mpira.

Mkono wa kushoto uliokazwa nao una historia yake. Mkono ulionyooka bila kukakamaa husaidia kuifanya fimbo irudi pale ilipoanzia, na ndiyo maana ushauri huo ulizaliwa. Lakini umegeuzwa kuwa amri. Calvin Peete, Mmarekani mweusi aliyeanza kucheza gofu akiwa mtu mzima, alikuwa na kiwiko cha kushoto ambacho hakikuweza kunyooka kwa sababu alikivunja utotoni. Alishinda mashindano 12 ya msururu mkuu wa gofu ya kulipwa wa Marekani (PGA Tour) na kwa miaka kumi mfululizo, kuanzia 1981 hadi 1990, ndiye aliyeongoza kwa kuupeleka mpira wa kwanza kwenye nyasi fupi. Jim Furyk naye ana swingi inayozunguka juu kama kamba iliyolegea, lakini alishinda mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 2003 na kupiga raundi ya mapigo 58 mwaka 2016. Wote wawili, fimbo zao zilipofika kwenye mpira, zilifika jinsi zinavyopaswa kufika.

Kuhusu nguvu nitasema machache. Yeyote aliyewahi kufyeka nyasi kwa fyekeo anajua kwamba anayekaza mikono huchoka baada ya hatua kumi, na nyasi zinabaki zimesimama. Anayeuacha uzito wa fyekeo ufanye kazi hufyeka hadi adhuhuri. Mwendo mzuri wa gofu una mpangilio huohuo: sehemu ya chini ya mwili huanza kurudi mbele, kifua hufuata, kisha mikono, na kichwa cha fimbo hufika mwisho kikiwa na kasi kubwa kuliko vyote. Kijana anayewatupia nyani mawe kwenye shamba la mahindi hufanya hivyo bila kufundishwa, kwani hutanguliza mguu, akageuza kiuno, na mkono ukaja mwishoni. Upimaji wa wachezaji wa kulipwa umeonyesha pia kwamba kupandisha fimbo huwachukua takriban mara tatu ya muda wa kuishusha, hata wale wanaoonekana kuwa wepesi. Anayeambiwa apige polepole asidhani kwamba anaambiwa ashushe fimbo kwa uvivu.

Neno jingine linalopotosha ni "mshiko wenye nguvu". Makocha wanapolitumia hawamaanishi kuibana fimbo kwa nguvu, bali wanamaanisha mikono iliyozungushwa kidogo kuelekea kulia juu ya mpini, jambo linalosaidia uso kufunga. Nimewaona wanafunzi waliolitafsiri neno hilo kwa kuiminya fimbo hadi vidole vikawa vyeupe, kisha wakashangaa kwa nini mpira umezidi kupinda kulia. Mikono iliyokakamaa haiwezi kuugeuza uso.

Kazi ya kocha

Kedi anayekwambia jambo uwanjani anastahili heshima. Wachezaji wetu wengi wa kulipwa walianzia kwenye kubeba mabegi, na magharibi mwa Kenya, kwa Dismas Indiza wa Mumias na wenzake, tumeona kwamba mchezo mkubwa unaweza kutoka mbali na Nairobi. Macho ya kedi yameona maelfu ya mipira, na mara nyingi anajua mpira umekwenda wapi kabla mchezaji hajainua kichwa. Lakini kujua mpira umekwenda wapi na kujua kwa nini ni elimu mbili, na kocha analipwa kwa ajili ya ile ya pili.

Kocha mzuri hutambulika kwa maswali yake ya kwanza. Atauliza mpira wako huanzia wapi, hupinda upande gani, na huugonga kwa sehemu gani ya uso. Ataomba kuona mapigo kadhaa kabla ya kufungua kinywa. Kisha atachagua jambo moja la kubadilisha. Anayekusahihisha mambo manne kwa saa moja, hata kama yote ni ya kweli, amekupa mzigo usiobebeka, kwa sababu swingi yote huisha kwa takriban sekunde moja na akili haiwezi kushika maagizo manne ndani ya muda huo.

Mwanafunzi naye ana sehemu yake, na sehemu ngumu zaidi ni kukubali kwamba hisia humdanganya. Mtu akibadilisha njia ya fimbo kwa digrii tatu huhisi kana kwamba ameigeuza dunia; kinyume chake, anaweza kuamini kwamba amebadilika kabisa wakati hajabadilika hata kidogo. Hapo ndipo simu, ileile inayoleta video za kuchanganya, inapokuwa na manufaa: iegemeze kwenye begi, kwa urefu wa mikono, nyuma yako kwenye mstari wa lengo, ikilitazama lengo, ujirekodi, kisha ulinganishe ulichohisi na kilichotokea. Na ukishaupata mwendo mpya usiupige kwa fimbo moja, mahali pamoja, mara mia. Badilisha fimbo na lengo kila baada ya mipira michache, kwa kuwa uwanjani hakuna anayepewa nafasi ya kurudia pigo lilelile. Utaona kana kwamba unaharibu siku hiyo, lakini kinachojifunzwa hivyo ndicho kinachobaki.

Kuna jambo moja ambalo swingi husingiziwa bila hatia, nalo ni hewa. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu takriban mita 1,130. Hewa ya juu ni nyepesi, hivyo mpira husafiri mbali zaidi na hupinda kwa uchache kuliko ungepinda pwani. Kwa makadirio yanayotumiwa na wachezaji wengi, Nakuru humwongezea mtu asilimia sita au saba ya umbali wa usawa wa bahari, na Kisumu asilimia nne hivi. Anayeshuka kutoka Nakuru kwenda Kisumu hupoteza mita tatu au nne kwa pigo la mita 140, kabla hata upepo wa alasiri kutoka ziwani haujaanza kumpinga.

Mwalimu wetu aligundua hilo miezi michache baadaye, alipokwenda kucheza Kisumu na wenzake. Alinipigia simu akiwa katikati ya raundi, sauti imejaa hofu, akasema kwamba swingi imeharibika tena, kwani mapigo mawili ya namba saba yameanguka kabla ya grini, ile sehemu ya nyasi fupi sana yenye shimo.

"Mwalimu, mpira ulianzia wapi?" nikamuuliza.

"Katikati, Mzee. Yote miwili."

"Na ukapinda?"

"Haukupinda."

Nikamwambia achukue namba sita.